Moshi wa Usiku

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimepigiliwa kisanduku ukutani. Binti wa vipimo kutoka ofisi ya jiji kaja na ngazi na drili yake mwenyewe. Mwembamba, ukimpulizia anaanguka, lakini ukuta wangu kautoboa mara moja! Kisanduku kinapima hewa. Eti wamechagua nyumba yangu kwa kuwa mimi ni mwenyekiti wa kamati ya mtaa. Nikamwambia, mwanangu, sema kweli: ni kwa kuwa nyumba yangu iko chini kabisa bondeni na kila moshi ukichoka unakuja kukaa kwangu. Akacheka. Akakubali yote mawili.

Kina taa moja na namba. Kijani, hewa safi. Njano, vumilia. Nyekundu, wenye vifua wabaki ndani. Zambarau, kila mtu abaki ndani. Nikamuuliza ndani kwenyewe kuna hewa gani nyingine, na madirisha haya yanavyopishana na fremu. Akaanza kukunja ngazi yake.

Mume wangu, mzee wangu huyu, kafurahi kama kaletewa televisheni. Kasogeza kiti mpaka mlangoni akitazame vizuri. Miaka yote ile ya kupiga rangi magari ya watu bila kufunika pua imemwachia kifua kinachokwaruza kama mlango wa banda. Daktari alishatuambia mwezi uliopita, mzee mwenyewe akiwepo: msimu huu wa baridi ndio wa kuuchunga. Moshi ukimwingia vibaya mara moja tu, mapafu yaliyobaki hayatoshi. Mzee akaitikia kwa kichwa, kama anasimuliwa habari za mtu wa mtaa wa pili.

Kisanduku kashakipa jina. Mkwe. Anasema kimekaa kimya, kinaona kila kitu, na nyumba nzima lazima ijiheshimu.

Alhamisi, 6 Juni

Mkwe kanuna tangu asubuhi. Nyekundu. Na sababu haihitaji mashine – ni tanuri la mdogo wangu. Anachoma matofali ng'ambo ya mto, mkabala na sisi, na jana kawasha tanuri dogo kwa matairi. Matairi! Moshi mweusi ukanyanyuka pale kama mtu anatikisa blanketi.

Saa tano jirani yangu Mama Mapacha kaja na shuka mkononi. Hakubisha hodi. "Spika, niambie, hili ni shuka au ni tambara la kufutia masufuria?" (Spika ni mimi. Nani alianza kuniita hivyo sijui, ila mzee wangu ndiye anayeshangilia zaidi.) Nyuma yake fundi viatu, nyuma yake wengine wawili. Wote wananiangalia kama mimi ndiye niliyewasha. Ndiyo, ni mdogo wangu wa tumbo moja. Nimemlea, nimembeba mgongoni. Lakini sikumtuma achome matairi.

Nimeitisha mkutano Jumapili. Na hata mimi nina hasira zangu – mashati mawili meupe ya shule niliyoshona, yameshaisha, yanangoja vifungo tu, yana madoa ya masizi kwenye kola. Yamerudi kwenye beseni.

Jumapili, 9 Juni

Mkutano umekwisha, na bila kujisifu – haya, nikijisifu kidogo – nimeuendesha vizuri.

Walitaka mdogo wangu aondoke kabisa. Yeye amesimama pale na kofia mikononi, anasema ana tanuri moja kubwa la kuchoma, oda kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Tanuri la mwaka jana lilinyeshewa likabomoka kabla hajalikandika. Hili likiharibika, aliyemwagiza hatarudi tena, na wale vijana wake wawili watatawanyika. Sauti ilimtetemeka. Mama Mapacha akajibu kwamba shuka zake nazo zinatetemeka.

Hapo ndipo nikasimama. Nikasema: tatizo si tanuri, tatizo ni saa. Mchana nguo ziko kambani, watoto wako nje. Usiku kila mtu kafunga mlango kalala. Basi mchana azibe midomo ya tanuri kwa tope, litulie. Jua likizama afungue, alishe kuni mpaka alfajiri. Na matairi marufuku, hata moja. Kisha makofi! Fundi viatu kasema hiki ndicho kichwa. Mama Mapacha kanikumbatia. Mdogo wangu kanishika mkono kwa mikono miwili, "Asante dada, asante," mpaka nikamwambia inatosha, niachie vidole nishonee.

Njiani mzee wangu kasema nikigombea ofisi ya jiji atanipigia kura. Akacheka, kisha kicheko kikageuka kikohozi. Tukasimama kwenye ukuta wa shule mpaka kikapita.

Jumatano, 12 Juni

Nimekwenda kuona tanuri. Ni kubwa jamani! Limepangwa mpaka juu ya kichwa cha mtu, matofali yamekaa kwa upande, yameachiana nafasi ya kupitisha moto, na chini midomo minne ya kuingizia magogo. Wanalikandika kwa tope, mmoja anakanyaga, mwingine anapaka. Mdogo wangu kanipitisha pote, kila kona anaeleza. Ingekuwa kulisha mchana na usiku, siku tatu lingeiva. Kwa usiku peke yake, kama wiki nzima hivi, kwa kuwa mchana linapoa kidogo na jioni lazima ulirudishe pale lilipokuwa. Kasema bila kulalamika. Hakuna tairi hata moja pale, nimeangalia mpaka nyuma ya choo.

Mkwe kijani siku ya tatu mfululizo. Mzee kala vizuri.

Jumamosi, 15 Juni

Limewashwa jioni hii. Nimesimama mlangoni giza likiingia. Unaona midomo minne myekundu ng'ambo, basi. Moshi wenyewe huuoni. Nguo zote zimeshaanuliwa mtaa mzima. Nimeridhika.

Jumapili, 16 Juni

Asubuhi Mkwe zambarau. Sijawahi kuiona rangi hiyo! Nimedhani ni umande. Nimekipangusa kwa kanga – zambarau. Nje hakuna moshi wa kuonekana, ukungu tu mwepesi juu ya mto, kama kawaida ya baridi. Kufika saa nne imerudi njano, saa sita kijani, na siku nzima imekuwa nzuri ya kuanika hata godoro.

Nimelaumu jiko langu. Jana usiku niliacha makaa yakimalizikia barazani. Mzee kasema pole, Mkwe hapendi mapishi yako. Usiku huu jiko linakaa nyuma kabisa ya nyumba.

Jumatatu, 17 Juni

Zambarau tena. Jiko lilikuwa nyuma. Namba kubwa kuliko ya jana.

Nimekwenda kwa jirani wa uchochoroni anayechoma takataka jioni, nikamfokea mpaka akanipa kiberiti chake mwenyewe bila kuombwa. Nimerudi nacho mfukoni kama askari. Pia nimetupa dawa ya mbu ya kuchoma. Mzee kaamka mara kadhaa kutafuta pampu yake ya kuvuta. Nikimuuliza anasema ni baridi.

Jumanne, 18 Juni

Leo nimeelewa, na naandika mkono ukiwa mzito.

Jana jioni niliacha mashati sita meupe juu ya cherehani. Ndani ya nyumba, madirisha yamefungwa, mlango umefungwa. Asubuhi nimeshika la juu nikalikung'uta – kuna kivumbi kijivu. Laini. Ukipitisha kidole kinaacha mstari. Nimebaki nimelishika. Hakuna jiko, hakuna takataka, hakuna dawa ya mbu. Nikampigia binti wa vipimo, kaja kabla ya saa sita, kachomeka waya wake kwenye kisanduku, kachora mistari kwenye simu. Mchana mstari uko chini. Jua likizama unapanda kama ngazi, unakaa huko juu mpaka asubuhi.

Akaniuliza usiku kuna nini. Nikamwonyesha tanuri kwa mdomo, nikaeleza mpango wetu. Nilieleza kwa fahari kidogo, Mungu anisamehe. Binti kachomoa waya wake. Kisha kaeleza taratibu, kwa heshima, nikatamani angenitukana. Mchana jua linapasha ardhi, hewa inapanda, moshi unaondoka nayo. Usiku wa baridi bonde linapoa, hewa baridi inatulia chini, ile ya joto inakaa juu yake kama kifuniko juu ya sufuria. Ukiwasha usiku, kinachotoka hakina pa kwenda. Kinabaki humu humu na sisi mpaka jua lipate nguvu.

"Kwa hiyo ule moshi wa mchana tuliokuwa tunauona..."

"Ulikuwa unaondoka, mama."

"Na huu?"

Akasema huu tunalala nao.

Mzee alikuwa pale kwenye kiti chake. Kasikia yote. Baada ya binti kuondoka kaniambia, usijitese, makofi tulipiga wote. Nimeingia chumbani nikakaa kitandani. Nimelia. Nimeng'ang'ania saa, kama mwenye akili, na saa yenyewe ndiyo mbaya kuliko zote.

Jumatano, 19 Juni

Asubuhi na mapema kwa mdogo wangu. Kasinzia kwenye gunia, uso mzima majivu. Nikamweleza. Kasikiliza mpaka mwisho, kisha kasema sawa dada, kama ni mchana ni mchana, mimi naweza kuanza sasa hivi, zungumza tu na watu wako. Na kwa kulisha mchana na usiku kesho jioni lingekuwa limeiva.

Watu wangu! Nimewaita jioni barazani. Nimeonyesha Mkwe, nimeonyesha shati. Mama Mapacha kanuna kabla sijamaliza. Usiku haoni moshi, nguo zake ni nyeupe, watoto wake wanalala, sasa kwa nini nirudishe balaa lile? "Si ni wewe mwenyewe, Spika, ulisema tatizo ni saa? Tukakupigia makofi. Leo tena saa imebadilika?" Fundi viatu kasema mashine za ofisini hazikuletwa kwa mapenzi, leo inakataza tanuri, kesho itatukataza kupika. Wakacheka. Nikapaza sauti, wakapaza zaidi. Mimi ndiye niliyewafundisha kutoogopa kitu wasichokiona.

Mwisho mtu kauliza zimebaki siku ngapi. Mdogo wangu kajibu kutoka gizani kule nyuma, na usiku huu, tatu. Basi wakasema siku tatu si kitu, amalize hivyo hivyo. Wakanyanyuka, wakachukua vigoda vyao.

Ningeweza kusema hapana. Mwenyekiti ni mimi. Nikasema haya.

Nimemwambia mzee akalale kwa dada yangu mkubwa kule juu mlimani, siku tatu tu, kule hewa inapita. Kasema hawezi kwenda kukaa kwa shemeji yake kula kwa adabu na kusalimia wageni. Nikamwambia nitakufungia mlango nikubebe. Kasema nibebe basi, mgongo ni wako. Tumecheka. Nimeshindwa. Nimechovya matambara kwenye maji nikaziba chini ya mlango na pembeni mwa madirisha.

Alhamisi, 20 Juni

Zambarau. Matambara asubuhi yamekuwa ya kijivu.

Mzee hakutoka kwenda kwenye kiti chake. Anazungumza maneno mawili, anapumzika, mawili tena. Kucha zake sizipendi rangi. Nimesema twende hospitali, kasema kesho. Nimempigia dada, kasema mleteni hata sasa. Mzee kageukia ukutani. Kesho asubuhi akubali asikubali, anakwenda.

Ijumaa, 21 Juni, asubuhi

Hospitali. Shajara ilikuwa ndani ya mfuko wa cherehani pamoja na futi na mkasi, nimeukwapua bila kuangalia.

Alfajiri mzee hakuweza kuvuta pumzi. Alikaa kitandani, mdomo wazi, mabega yanapanda, hewa haiingii. Macho kwangu. Pampu imeisha au haifanyi kazi, sijui. Nikatoka mbio hivyo hivyo na kanga. Milango yote imefungwa – kila mtu kalala kafunga mlango, si ndivyo nilivyosema? Macho pekee mtaani yalikuwa ya mdogo wangu, ng'ambo ya mto, na moto wake. Nilimwita jina lake la utotoni. Kaacha gogo nusu ndani ya mdomo wa tanuri, kavuka maji bila kutafuta daraja.

Kambeba mgongoni. Mpaka barabara kuu, mlima wote ule. Nilikuwa nyuma, nimeshika miguu ya mzee, na nilikuwa namwona anavyokohoa kwenye shingo ya mdogo wangu, kwenye shati lile lililonuka moshi mpaka mimi mwenyewe macho yalinitoka machozi. Hapakuwa na mgongo mwingine.

Wamemwekea oksijeni. Daktari yule yule. Hakusema nilikwambia. Kasema tungoje.

Ijumaa, 21 Juni, jioni

Yuko hai. Naandika hilo kwanza.

Mtungi mmoja wa oksijeni, vitanda viwili, mipira miwili. Kwenye kitanda cha pili bibi mmoja wa mtaa wa juu kidogo ya kwetu. Binti yake ananiambia kaanza kubanwa Jumapili, hawajui kwa nini, hawapiki kwa kuni. Nimemshika mkono, nikasema pole. Sikuweza zaidi ya hapo.

Daktari kapita saa tisa. Anasema usiku ndio anaouogopa. Oksijeni inasaidia, lakini wodi hii si chupa ya kuzibwa, na dirisha letu lina kioo kilichovunjika juu, wameziba kwa katoni. Nikampigia binti wa vipimo, kama mtu anayetaka kusikia uongo. Hakunipa. Leo hakuna upepo kabisa, kasema, na baridi itakuwa kali kuliko jana. Hospitali iko bonde hilo hilo, mama.

Mdogo wangu karudi saa kumi. Nesi kamzuia mlangoni: "Wewe unanuka tanuri zima, hapa kuna watu wa mapafu, toka!" Katoka. Hakubisha. Nikamwona kupitia dirishani anaosha mikono kwenye bomba la uani, anasugua mpaka viwiko kwa mchanga, anainusa, anasugua tena. Kisha kaja kusimama chini ya dirisha letu.

Kaniuliza hali ya shemeji yake. Nikasema anaona, anasikia, haongei. Kisha kasema lile alilolijia.

Tanuri limeshuka joto tangu alipoliacha alfajiri. Vijana wake walilala, hawakujua. Halijafa. Usiku huu ndio wa mwisho, na wa mwisho ndio moto unaopita wote – midomo yote minne, magogo makubwa, na kwa kuwa limeshuka itabidi alilishe kuliko alivyopanga. Likipata hilo, kesho ni matofali. Asipolilisha litatoa moshi kidogo tu, litapoa, na yote yaliyomo katikati yatabaki mabichi. Udongo uliochomwa nusu haurudiwi. Wa kumwaga barabarani tu.

"Kwa nini unaniuliza mimi?" nikamwambia, kwa ukali, ukali wa kijinga.

"Nitamuuliza nani, dada? Ukisema lisilishwe, naenda nyumbani kulala. Sitakulaumu, wallahi. Ukisema lilishwe, nitalilisha. Ila mimi peke yangu siwezi kuamua hili, na yeye yuko humo ndani."

Hakusema kwamba alimbeba. Hakusema nilisema usiku. Angesema hata moja, ningempa jibu mara moja, la hasira, na tungeachana hapo.

Mzee kasikia. Nilidhani kasinzia. Mkono ukaja juu ya shuka, akavuta kile kikombe cha oksijeni usoni, kakiinua. "Mwambie," kasema. Akapumua mara nyingi. "Mwambie akalishe."

Nikamrudishia kikombe kwa nguvu, nikamkaripia kama mtoto, wewe umechanganyikiwa, nani kakuuliza! Bibi wa kitanda cha pili kafumbua macho. Mzee ananitazama juu ya kile kikombe, ukungu unakuja na kuondoka kwenye plastiki. Kashika kidole changu cha shahada anakiminya. Mdogo wake mwenyewe asingemfanyia alichofanyiwa leo asubuhi, najua ndicho anachosema. Nami namtaka yeye hapa kesho. Sitaki kitu kingine duniani. Halafu naangalia nje, namwona yule niliyemfunga mgongoni kwa kanga ya mama yetu, kichwa kimeinama, maji yanachuruzika viwikoni.

Nikisema usilishe, nimemmaliza, na mume wangu anaweza asipone hata hivyo. Nikisema lisha, kuna bibi pale ambaye hata hakuulizwa.

Jua limeshafika kwenye paa la jiko la hospitali. Kule ng'ambo vijana wake wanangoja, magogo yamepasuliwa. Baridi inaingia kwa pale penye katoni, naisikia shingoni. Mdogo wangu hajainua uso.

Nesi anapita akifunga madirisha ya wodi, moja moja. La kwetu ndilo la mwisho. Kasimama, mkono kwenye komeo, anamtazama aliye nje, ananitazama mimi. Anauliza, mama, nifunge, au bado mnaongea?

Nimemwambia asubiri kidogo.